MAJI YANADONDOKA BAFUNI WAKATI WA BARIDI? USIKIMBILIE KULAUMU PAA

Wadau wa majuu, hasa mnaobeba maboksi Minneapolis, Chicago na Toronto, hii inawahusu. Na wewe uliyeko kafe hapa Dar, mtumie kaka yako kwa imeili, itamwokolea dola.

Inakuwa hivi. Ni Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, mvua hakuna, halafu maji yanaanza kudondoka bafuni kupitia kwenye feni ya darini. Mtu anaita fundi paa. Fundi anapanda, anachukua chake, maji yanaendelea kama kawa. Mara nyingi mwenye kosa ni bomba la hewa la ile feni, linalopita juu ya dari.

KWA NINI?

Weka soda baridi mezani. Dakika chache tu chupa inatoka jasho. Maji yale hayakuvuja, ni mvuke wa hewani uliogusa kitu cha baridi. Hewa ya ndani yenye nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 9 hivi. Sasa fikiria mvuke wa mtu aliyeoga maji moto unapita kwenye bomba la bati lenye ubaridi wa barafu!

Kipimo rahisi: yakidondoka baada ya watu kuoga, tuhumu bomba. Yakidondoka mvua ikinyesha, hapo muite fundi paa.

DAWA YAKE

1. Bomba litoke nje kabisa, kupitia paa au ukuta. Likiishia juu ya dari, mbao zinashika ukungu na kuoza.

2. Livishe blanketi la faibaglasi, R-8 inafaa. Namba ikipanda, joto linatunzwa zaidi. Usiache hata kipande wazi.

3. Ziba maungio kwa tepu ya alumini. Ile ya kitambaa cha kijivu huachia baada ya muda.

4. Bomba liwe fupi, limenyooka, na liinamie upande wa nje. Lile la kukunjika likilegea linafanya bonde, maji yanatuama.

5. Washa feni ukiingia kuoga, iache dakika 20 baada ya kumaliza.

6. Unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50, na baridi ikizidi ushushe zaidi. Kuanika nguo ndani na kuchemsha maharage bila mfuniko kunaongeza mvuke.

ANGALIZO: Usizibe matundu ya hewa ya juu ya dari ukidhani unazuia baridi, ndiyo yanayotoa unyevu. Ukipanda huko, kanyaga mbao tu, jasi haibebi mtu. Na kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba mapema, kabla ukungu haujaanza kukoholesha watoto.

Mdau fundi mwenye nyongeza, mwaga hapo chini. Kazi kwenu!