Matibabu ya dharura: Kwa nini tabibu hamalizi masomo

MGONJWA mahututi anapofikishwa hospitalini usiku, aghalabu anayempokea si daktari bingwa bali ni tabibu au muuguzi aliye zamu. Uamuzi wa mhudumu huyo katika dakika chache za mwanzo waweza kuwa tofauti kati ya uhai na mauti.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, haki hiyo haina uzito iwapo mhudumu angali anategemea tu yale aliyofundishwa chuoni miaka mingi iliyopita.

Maarifa ya tiba hubadilika. Kwa muda mrefu, watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu walikuwa wakitiwa maji mengi kwa haraka kupitia mshipani.

Utafiti uitwao FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulitilia shaka desturi hiyo. Kati ya watoto 3,141 walioshirikishwa katika kundi kuu, takriban asilimia 10.5 ya waliotiwa maji kwa haraka walifariki katika muda wa saa 48, ikilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakutiwa.

Matokeo hayo hayakuhusu watoto wanaoharisha na kuishiwa na maji mwilini. Hao bado wanahitaji maji. Tabibu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumdhuru mtoto kwa nia njema.

Ndiposa sheria za taaluma zinadai mafunzo endelevu. Madaktari wanatakiwa na baraza lao kujikusanyia alama 50 kila mwaka kabla ya leseni zao kuhuishwa. Mabaraza ya matabibu na ya wauguzi pia yana masharti yao.

Nyenzo zipo. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zilitoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura. Kozi hiyo humfunza mhudumu kukagua kwa utaratibu njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima, hata pasipo na mitambo ya kisasa.

Kwa watoto, kuna mafunzo ya ETAT+ yanayofuata miongozo ya Wizara ya Afya. Nayo Hospitali ya AIC Kijabe hufunza matabibu taaluma ya dharura na wagonjwa mahututi. Aidha, mpango wa Hinari, ulioanzishwa na WHO na wachapishaji mwaka 2002, huziwezesha taasisi za nchi zenye mapato madogo kusoma majarida ya tiba bila malipo au kwa ada nafuu.

Kikwazo ni karo, na pia uhaba wa wafanyakazi. Katika kituo chenye tabibu mmoja, akienda kozini hakuna wa kushika zamu.

Isitoshe, cheti pekee hakitoshi. Ustadi wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huanza kufifia miezi michache tu baada ya mafunzo.

Kwa sababu hiyo, mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, pamoja na kujadili kila kisa kigumu bila kulaumiana, hufaa kuliko semina moja ya hotelini kwa mwaka.