Uso wa Ivor Novello

Watu walijaza ukumbi wa Drury Lane, London, kumtazama Ivor Novello katika maigizo ya muziki ambayo yeye mwenyewe hakuimba. Muziki ulikuwa wake, hadithi ilikuwa yake, na shujaa alikuwa yeye; lakini zamu ya wimbo ilipofika, walioimba walikuwa wengine. Utotoni alikuwa na sauti nzuri ya kwaya, iliyompatia nafasi katika shule ya Magdalen College huko Oxford. Alipobaleghe sauti ile ikatoweka. Alipokuwa mtu mzima akajiandikia nafasi za watu wasioimba: huyu mvumbuzi, yule mtunzi wa muziki, yule mfalme. Na wanawake waliolipia viti vya roshani ya juu kabisa walitoka ukumbini wameridhika. Nimeitafakari sana ridhaa hiyo. Wapo walioidharau wakati ule na wapo wanaoidharau leo, na nadhani hawakuwaelewa wanawake wale hata kidogo.

Mimi ni mtoto wa mpiga picha. Baba alikuwa na studio Tanga, na nikitoka shule nilikaa karibu na meza yake ya kurekebishia negativu: kibao kilichoinamishwa, mwanga nyuma yake, na penseli iliyochongwa kwa wembe hadi ncha ikawa kama mwiba. Kwa penseli hiyo alijaza makovu ya ndui na kulainisha mikunjo chini ya macho, lakini kila mara aliacha alama moja ambayo, ikiondolewa, mteja asingejitambua. Vijana walikuja na picha ya mwigizaji Dilip Kumar mfukoni wakisema, “Mzee, mimi nataka nikae hivi.” Baba hakuwacheka. Aliichukua ile picha, akaangalia mwanga wake umetokea upande gani, kisha akaenda kusogeza taa. Ndiyo maana nikishika postikadi ya Novello, kabla sijamtazama mtu natafuta penseli. Huwa ipo kwenye taya, na ipo chini ya jicho. Kuna mtu alikaa dirishani saa nzima au zaidi ili uso huu ufike ulivyo mikononi mwa karani wa Manchester.

Kadi hizi nilianza kuzikusanya nilipokwenda kufanya kazi Cardiff, mji alikozaliwa Novello. Jina lake la kuzaliwa ni David Ivor Davies, na tarehe ni 15 Januari 1893. Mama yake, Clara Novello Davies, alikuwa mwalimu wa uimbaji na kiongozi wa kwaya za wanawake aliyejulikana hata nje ya Wales, na mwana akachukua jina la katikati la mama yake, hatimaye hata kisheria. Mwaka 1914, akiwa na miaka 21, alitunga muziki wa “Keep the Home Fires Burning”, wimbo ulioimbwa na Waingereza muda wote wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukampa jina na fedha. Uigizaji ulimjia baadaye, na ulimjia kwa njia ya picha: inasimuliwa kwamba mtengenezaji filamu Louis Mercanton aliiona picha yake akamchagua kwa filamu ya The Call of the Blood, iliyotoka mwaka 1920, ingawa kijana huyo alikuwa hana historia ya kuigiza. Miaka saba baadaye alikuwa nyota wa The Lodger ya Alfred Hitchcock.

Biashara ya postikadi aliyoiingia kwa uso wake ilikuwa tayari imekomaa. Mwaka 1902 posta ya Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani viandikwe upande mmoja wa kadi, na upande wa pili wote ukabaki kwa picha. Stempu ilikuwa nusu peni. Kampuni kama Rotary Photographic na J. Beagles zilichapa picha halisi kwenye karatasi ya fedha, si michoro, na sura zilizouzika zaidi zilikuwa za waigizaji. Hapo kabla picha ya mwigizaji ilikuwa kitu cha albamu ya nyumba yenye uwezo. Sasa msichana wa dukani au mpiga taipu, mwenye mshahara wake mwenyewe pengine kwa mara ya kwanza katika ukoo wao, aliweza kuinunua siku ya malipo na kuipachika ukutani kwa pini. Wapenzi wa Lewis Waller, mwigizaji wa tamthilia za mapenzi na mapanga aliyefariki mwaka 1915, walifika hadi kuunda chama na kuvaa beji. Magazeti yaliwafanyia mzaha. Mzaha huo ulirithiwa na wapenzi wa Novello, pamoja na mengine yote.

Kwenye kadi za Novello kinachojirudia ni ubavu wa uso. Paji, pua iliyonyooka, mdomo, kidevu, na nywele nyeusi zilizolazwa nyuma zikang'aa. Watu wa ukumbi walizungumzia ubavu ule kama watu wa bandarini wanavyozungumzia meli wanayoifahamu, na yeye alijua thamani yake, kwa hiyo alijipanga jukwaani hivyo hivyo alivyojipanga studio. Hapa ndipo ninapoona ujuzi wa mashabiki. Mtu wa roshani ya juu yuko mbali mno. Uso wa mwigizaji kwake ni kitu kidogo chenye mwanga. Lakini kama ana kadi nyumbani, na ameitazama kila asubuhi akivaa viatu, basi kutoka kule juu anauona uso kamili. Kadi ilimfundisha macho yake. Ukumbi ulipomnyima ukaribu, yeye alikuja nao mwenyewe kutoka nyumbani.

Glamorous Night ilifunguliwa Drury Lane Mei 1935, wakati ukumbi huo mkubwa ulikuwa ukihangaika kifedha. Novello aliwaletea meli inayozama jukwaani, wacheza ngoma, okestra kubwa, na mwimbaji Mary Ellis abebe nyimbo ambazo mashairi yake yaliandikwa na Christopher Hassall. Ikafuata Careless Rapture mwaka 1936, Crest of the Wave mwaka 1937, kisha The Dancing Years Machi 1939. Siku za ufunguzi watu walipanga foleni mapema mno, wakikodi vigoda vidogo vya kuwekea nafasi, wakila mikate yao njiani na kupeana habari. Foleni hizo zilikuwa baraza lao. Huko ndiko walikobadilishana kadi, walikosimuliana nani alisainiwa ipi kwenye mlango wa wasanii, na aliitikiaje. Aliitikia vizuri, kwa ushahidi wa wengi; saini zake za “Ivor” zimetapakaa hadi leo, na wauzaji wa kadi hawazioni kuwa adimu.

Mwaka 1936 ndio ulionifunga zaidi na habari hii. Masika ile Novello aliigiza The Happy Hypocrite, tamthilia ya Clemence Dane yenye muziki wa Richard Addinsell, iliyotokana na kisa cha Max Beerbohm: mtu mwovu anavaa barakoa ya mtakatifu ili apendwe na msichana, na barakoa inapovuliwa, uso wake wa chini umegeuka ukawa ule ule. Barakoa hizo zilitengenezwa na kijana mmoja, naye Mwelshi, Angus McBean, aliyekuwa na studio ndogo ya picha. Novello alipoziona kazi zake akamwomba apige picha za igizo lenyewe. Zikatundikwa nje ya ukumbi. Igizo halikudumu, lakini McBean alikuwa ameshajulikana. Katika igizo lile lile alikuwemo Vivien Leigh, ambaye McBean angempiga picha kwa miaka mingi iliyofuata. Hakuchukua waigizaji wakiwa katikati ya kazi. Aliwasimamisha, akaleta taa zake, akatumia vioo, kisha akakaa na penseli na kisu kidogo kwenye negativu. Baba angemwelewa bila kuambiwa neno.

Ninajua hoja ya wanaosema picha za namna hii ni uongo. Kisa cha Beerbohm kimewajibu, na mteja wa baba naye aliwajibu: alirudi kuchukua picha yake, akaitazama, akatoka amenyoosha mgongo.

Mapenzi haya ya mashabiki yalikuwa na upande wake wa hatari, nao ulionekana mwaka 1944. The Dancing Years ilikuwa imerudi London tangu Machi 1942, katika ukumbi wa Adelphi, ikitazamwa na watu waliovaa sare na watu waliotoka zamu za viwandani. Petroli ilikuwa kwa kibali. Novello alikuwa na Rolls-Royce, na alitaka kuitumia kwenda nyumbani kwake Redroofs, karibu na Maidenhead, mwisho wa wiki. Akanyimwa kibali. Shabiki wake mmoja wa miaka mingi akajitolea kusaidia: gari liandikishwe kwa kampuni aliyokuwa akifanyia kazi, lihesabiwe kuwa chombo cha shughuli za vita. Kumbe mwanamke yule hakuwa na cheo alichodai, wala jina alilotumia halikuwa lake. Kampuni ilipogundua, wote wawili wakafikishwa mahakamani. Mwanamke alitozwa faini. Novello alihukumiwa wiki nane gerezani. Rufaa ikazipunguza zikawa nne, akazitumikia Wormwood Scrubs.

Waandishi wa maisha yake humwandika mwanamke huyo kama balaa lililomwangukia. Mimi naona wanamwonea. Novello alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na moja, aliyeijua sheria ya petroli kama kila Mwingereza wa siku zile, na alipokea msaada kwa sababu ulimfaa. Mwanamke alitoa kile alichodhani anacho. Miaka yote alikuwa mtazamaji, mmoja wa mamia kwenye foleni. Siku hiyo alipata nafasi ya kuwa mtu anayehitajika. Alikosea sheria, na alisema uongo, lakini kiu ile naifahamu, na ndiyo iliyokuwa ikijaza viti vya Adelphi kila jioni.

Novello alirudi jukwaani Juni mwaka huo huo, akiwa amekonda, London ikiwa imeanza kupigwa na mabomu ya V-1. Ukumbi ulimpokea kwa makofi yaliyomzuia kuanza kusema. McBean naye alikuwa gerezani wakati huo, tangu 1942, kwa kosa la mapenzi na wanaume. Alitoka baadaye mwaka 1944 akafungua studio mpya Endell Street. Novello mwenyewe aliishi na mwigizaji Bobbie Andrews kwa miaka mingi sana, katika nchi ambayo sheria ingeweza kumfunga kwa hilo pia, na sheria hiyo haikulegezwa hadi 1967. Marafiki zake walijua. Wengi wa wale wenye kadi ukutani hawakujua. Kuna wanaosema basi walidanganywa. Lakini kadi haikuahidi ndoa. Iliahidi kwamba saa moja na nusu ya jioni pazia litafunguka na uso huu utakuwepo, na kwa miaka thelathini ahadi hiyo ilitimizwa, hata na homa kifuani.

Usiku wa mwisho ulikuwa hivyo hivyo. Tarehe 5 Machi 1951 aliigiza Mfalme Nikki katika King's Rhapsody, ukumbi wa Palace. Akarudi nyumbani kwake Aldwych, kwenye ghorofa juu ya ukumbi wa Strand alikokuwa ameishi tangu 1913, na saa chache baadaye, tarehe 6, akafariki kwa moyo. Alikuwa na miaka 58. Siku ya kuchomwa kwa mwili wake huko Golders Green walifurika maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakasimama nje kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Walikuwa wamezoea kusubiri nje.

Kumbukumbu rasmi zimetunzwa vizuri. Drury Lane wana sanamu ya kichwa chake iliyofinyangwa na Clemence Dane yule yule. Cardiff wamemweka kwa shaba karibu na ghuba, tangu 2009. Ukumbi wa Strand uliitwa Novello mwaka 2005. Negativu za kioo za McBean zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Harvard, ziko salama kuliko zilivyopata kuwa.

Kadi ndizo zinazopotea. Mwenye nazo akifariki, wajukuu hukuta boksi la viatu lenye mwanamume asiye wa ukoo, wakalitupa au wakaliuza kwa mkupuo. Sokoni bei inategemea usafi wa upande wa nyuma: kadi tupu hupata mara mbili ya kadi iliyoandikwa. Nyuma ya zangu kuna penseli ya mwenyewe: tarehe ya onyesho, herufi na namba ya kiti, mara nyingine jina la aliyekwenda naye, mara nyingine neno “mvua”. Kuna moja yenye matundu ya pini kwenye kila kona, yaliyopanuka kwa kupachikwa na kupachuliwa, bila shaka katika vyumba vingi vya kupanga. Muuzaji alinipunguzia bei kwa ajili ya matundu hayo, nami nikailipa haraka kabla hajabadilisha mawazo.