Ukoboaji wa Faili: Istilahi na Fasili Yake

Katika elimu ya ulinzi wa mitandao upo ufundi mmoja ambao ofisi zetu zinauhitaji kuliko zinavyoujua, nao ni ule wa kulipokea faili litokalo nje ya taasisi, kulivua kila sehemu iwezayo kuiamrisha kompyuta, na kuliunda upya kwa sehemu zilizo salama tu kabla halijamfikia aliyeandikiwa. Tukilifasiri neno kwa neno jina lake la kigeni tutapata "upokonyaji silaha na uundaji upya wa maudhui", maneno yaliyo sahihi lakini mazito mno kinywani. Na tukiuita "usafishaji wa faili" tutapunguza maana, kwani kinachosafishwa hubaki kile kile, ilhali hapa faili la asili huwekwa kando, na lifikalo mezani ni jipya.

Haja yake hudhihirika ofisini. Karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Moshi, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, hupokea kwa barua pepe ankara za usafirishaji, hati za malipo na barua za maombi ya kazi, na wajibu wake ni kuzifungua. Yamkini moja ikaja kwa jina la mteja amjuaye, na juu ya ukurasa ukatokea utepe wa manjano umtakao abonyeze kitufe ili yaliyomo yaruhusiwe. Akibonyeza, amri zilizofichwa humo huita kutoka mtandaoni programu ya kuiba nywila, au ya kuyafunga mahesabu ya wakulima mpaka fidia ilipwe. Hati ya Word, ambayo machoni ni ukurasa mmoja, kwa hakika ni mkusanyo wa mafaili madogo yaliyobanwa pamoja: limo la maandishi, limo la mitindo, zimo picha, na katika hati zibebazo makro, yaani amri za namna hiyo, limo liitwalo vbaProject.bin, ambamo amri hizo hukaa. Hadaa hii ni kongwe, kwani mwezi wa Machi 1999 makro iliyoitwa Melissa ilijipeleka yenyewe kwa anwani 50 za mwanzo katika kitabu cha anwani cha aliyeifungua.

Programu za kinga tulizozizoea aghalabu hulilinganisha faili na alama za maovu yaliyokwisha kujulikana, hata ovu lililotungwa jana likaweza kupita bila kuulizwa. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro za hati zitokazo mtandaoni, na walaghai wakahamia aina nyingine za mafaili. Itakiwayo, basi, ni kanuni isiyongoja kumtambua mlaghai.

Watu wa Kibosho, Machame na Marangu wanayo kanuni hiyo mikononi mwao. Kahawa humenywa, huoshwa na kuanikwa huko huko mlimani, kisha hushuka Moshi ikiwa bado imevaa ganda lake jembamba. Kiwandani hukobolewa, ikapangwa madaraja na kutiwa magunia mengine, ndipo iende mnadani. Mkoboaji hachunguzi ganda lipi lina dosari na lipi halina: ganda lote huondoka, maadamu mnunuzi hakulihitaji, na punje ndiyo iendayo. Kwa ajili hiyo napendekeza ufundi huu uitwe ukoboaji wa faili, na programu iufanyayo iitwe kikoboleo.

Fasili yake iwe hii: ukoboaji wa faili ni kulitambua faili kwa muundo wake wa ndani pasipo kuliamini jina lake, kuyachukua maandishi, majedwali na picha, kuziacha makro, skripti, vitu vilivyopachikwa na viungo viitavyo nje, na kuunda kwa hayo yaliyochukuliwa faili jipya la aina ile ile.

Walakini ukoboaji una mipaka yake. Faili lililofungwa kwa nywila halikoboleki, basi na lisubiri kando hadi mpelekaji athibitishe kwa simu. Saini ya kidijitali huvunjika faili liundwapo upya. Na jedwali la mhasibu lenye makro za halali hupoteza hesabu zake, kwa hiyo nakala ya asili sharti ihifadhiwe mahali palipotengwa, itolewe kwa idhini ya afisa mhusika. Fauka ya hayo, barua isemayo kwamba akaunti ya benki ya mteja imebadilika hupita salama, kwa kuwa ghiliba yake imo katika maneno matupu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kumtwika kila akusanyaye taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, ziwe za wagonjwa wa hospitali au za wanachama wa ushirika. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na liipime istilahi hii. Nao viongozi wa taasisi wasimwachie karani, ambaye kazi yake ni kufungua barua, mzigo wa kubashiri ipi ina hila, bali waweke kikoboleo mlangoni na kuandika kanuni zake kwa lugha anayoisoma.