Konokono wa Ujiji

Nilipokuwa najenga banda la uani hapa Kibaha, lori lilinimwagia mawe ya matumbawe kutoka Boko. Fundi alipoligonga moja kwa nyundo likapasuka, na ndani yake kikaonekana kitu kilichosokotwa kama kamba, urefu wake kama kidole gumba. "Mzee, hiki nacho nini?" akaniuliza. Nikamjibu pale pale, bila hata kuvaa miwani: "Tondo huyo, amegeuka jiwe." Fundi akaridhika, akaendelea na kazi yake. Mimi sikuridhika. Jibu la haraka la namna hiyo niliwahi kulitoa zamani, nikakosea, na walionisikiliza walikuwa watoto wa watu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu Kisarawe. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Kigoma, aliniletea magamba ya konokono aliyoyaokota ufukweni Ujiji. Yalikuwa manene, yana vinundu na mistari iliyochongoka, wala hayakufanana hata kidogo na vile vigamba vyepesi tuvionavyo mtoni Ruvu. Nikayapanga mezani, nikawaambia wanafunzi: tazameni, hawa ni wa bahari; kwa hiyo ziwa Tanganyika lilikuwa bahari zamani. Binti mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, kama ilikuwa bahari, matumbawe yake yako wapi?" Nikamwambia akae chini.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kosa langu lilikuwa na ukoo mrefu. Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857, wakafuata bonde la mto Kingani, yaani huu huu Ruvu wetu, wakafika Ujiji mwaka 1858. Speke akaokota makombe ziwani. Yalipofika London, Woodward aliyaandika mwaka 1859, na mojawapo akaliita nassa, jina lililokwisha kutumika kwa konokono wa baharini. Basi tangu siku ya kubatizwa, konokono yule wa maji baridi alikuwa na jina lenye harufu ya chumvi. Hapo akaja Mfaransa Bourguignat, ambaye kila alipoona tofauti ndogo, kinundu kimoja zaidi au mdomo uliopanuka kidogo, alitoa jina jipya. Ndiye aliyetunga jina Lavigeria, kwa kumkumbuka Kadinali Lavigerie wa Mapadre Weupe. Jina hilo limebaki hadi leo. Mengi ya yale mengine wenziwe waliyafuta.

Aliyelifikisha jambo mbali zaidi ni Mwingereza J. E. S. Moore. Alikwenda Tanganyika mwaka 1896, akarudi tena mwaka 1899. Alichukua magamba ya ziwani akayaweka kando ya konokono wa bahari waliogeuka mawe huko Uingereza, wa zama za Jurasi, miaka ipatayo milioni 170 iliyopita. Yakalingana ajabu. Paramelania wa ziwani alionekana ndugu wa Purpurina wa mawe. Tena ziwani alikuwamo konyeza mdogo, na konyeza tumezoea kumwona baharini. Mwaka 1903 Moore akatoa kitabu kizima kudai kwamba ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale. Sithubutu kumcheka. Alikuwa na ushahidi mikononi, tena mwingi kuliko wangu. Lakini msafara wa Cunnington wa mwaka 1904 na 1905 haukuyakuta yale ambayo bahari ingeliyaacha, na dai lile likadhoofika. Swali la binti wa Kisarawe lilikuwa ni hilo hilo.

Tatizo ni kwamba gamba ni nyumba, na nyumba hujengwa kwa mahitaji. Ukitaka kujua ukoo wa konokono, utahesabu mizunguko, utatazama kilele, ambako hukaa gamba la utotoni, utatazama mdomo kama una mfereji au hauna, na mhimili wa katikati kama una mikunjo. Hayo yote yana maana. Lakini unene na miiba huweza kuzuka mara nyingi, katika koo zisizojuana. Mwaka 1991 West na Cohen, pamoja na mwenzao, walieleza habari za kaa wa Tanganyika wenye magego makubwa ya kuvunjia konokono. Ziwa hilo linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Kwa muda huo, mwenye gamba jepesi aliliwa na mwenye gamba nene akazaa. Konokono wa maji baridi wakavaa deraya kama ya wenzao wa baharini, ingawa bahari hawajaiona, na uso wa ziwa lao uko zaidi ya mita 770 juu yake.

Hali kadhalika na jiwe langu la Boko, ingawa lenyewe ni la bahari bila shaka. Nilipovaa miwani niliona kwamba nilichokuwa nacho si gamba kabisa. Gamba limekwisha kuyeyuka. Kilichobaki ni tope lililoingia ndani likawa jiwe, na mahali pa mhimili pana tundu. Mistari ya nje, ambayo ndiyo ningelimtambulia tondo, haipo. Kilele kimevunjika. Mizunguko mitano naihesabu, mdomo umefukiwa ndani ya matumbawe. Wako konokono wengi wa pwani yetu wenye umbo refu kama hilo, na "tondo" nilisema kwa sababu ndiye niliyemzoea tangu utotoni, kwenye mikoko.

Yule binti sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Nilikutana naye stendi ya Mlandizi, akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu." Nikamwambia kwamba swali lake lile la matumbawe lilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosa. Alicheka sana. Akasema halikumbuki swali hilo. Anachokumbuka ni kuambiwa akae chini.

Jiwe liko dirishani. Nimebandika karatasi chini yake: limetoka Boko, mwezi na mwaka. Mahali pa jina nimepaacha wazi.