Kofia ya Kinga na Kanuni: Somo la Ulingo wa Kinshasa

Alfajiri ya 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni Kinshasa wakiwa na glovu mikononi na vichwa vitupu, ingawa pambano lilikuwa limeahirishwa tangu Septemba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Katika ngumi za ridhaa, kofia ya kinga ililetwa Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Mwaka 2013 wanaume wakavuliwa, na Rio 2016 wakapigana bila hiyo. Ngumi hazikuwa zimepungua uzito. Basi hatari peke yake haiamui nani avae nini. Kinachoamua ni kanuni, pamoja na jinsi kifaa kinavyobadili mwenendo wa mchezaji.

Nje ya michezo mambo ni tofauti: huko Mwadingusha, nchini Kongo, ambako mtambo wa umeme wa mto Lufira ulianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya migodi ya shaba ya Katanga, kofia ngumu kazini haina mjadala: jiwe linaloanguka halijui kama umeivaa. Mpinzani uwanjani anajua, naye huongeza nguvu. Ndivyo ilivyokuwa katika futiboli ya Marekani. Ligi ya NFL ililazimisha kofia mwaka 1943, na baada ya muda wachezaji wakaigeuza silaha, wakigongana kwa kichwa. Raga, iliyo ndugu yake, iliruhusu pedi laini tu na kutegemea sheria zinazokataza kumkaba mtu shingoni au kichwani.

Wapo watakaosema kofia imeokoa maisha. Ni kweli: huzuia fuvu kupasuka, ingawa ubongo bado hutikisika ndani yake. Lakini vifo katika futiboli hiyo, vilivyofika 36 mwaka 1968, vilishuka sana pale kofia bora zilipoandamana na katazo la mwaka 1976 la kugonga kwa kichwa. Kifaa na kanuni vilifanya kazi pamoja. Vikinga ugoko vya kandanda navyo vinafaa kwa kuwa teke lililolenga mpira hupotea likaupata mguu, na havimpi mtu silaha mpya.

Kwa hiyo makocha wa mji wa Likasi, huko huko Katanga, na vijiji vyake wawavishe vijana vikinga ugoko, lakini waanze na refa asiyeogopa kutoa kadi nyekundu, na wamtoe uwanjani mara moja kila aliyegongwa kichwa akapepesuka.