Uanagenzi wa Chuma Katika Utamaduni Wetu

Mara nyingi linapotajwa neno utamaduni, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, mashairi, hadithi na vinyago. Si vibaya, kwani hayo yote ni mali ya taifa. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda naye alifundishwa na mtu. Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za uanagenzi wa chuma, yaani namna kijana alivyopata ufundi kwa kukaa ubavuni mwa fundi, na kuonyesha kwamba mapokeo hayo nayo ni sehemu ya utamaduni wetu.

Uanagenzi haukuletwa na viwanda. Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma yenye umri upatao miaka 2,000. Wafipa nao walijenga tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, zikavuta hewa zenyewe pasipo mvukuto. Maarifa hayo hayakuandikwa kitabuni. Yalipita kutoka mkono wa mzee hadi mkono wa kijana. Huku pwani, maseremala na waunda majahazi walipokea wanagenzi, na mwanagenzi alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba, ambayo ni ada ya shukrani na heshima.

Mwaka 1940, zama za ukoloni, ilitungwa sheria ya kusimamia uanagenzi mahali pa kazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vya umma viliongezeka na haja ya mafundi ikazidi. Mwaka 1974 ikapitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, na vijana wakapimwa kwa majaribio, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza.

Katika utaratibu huo ndimo tulimoingia sisi mwaka 1986, baada ya kidato cha nne, tukapokelewa katika karakana ya zana ya kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam. Yafaa msomaji aelewe karakana hiyo ni kitu gani. Mashine za kiwandani hutengeneza bidhaa; karakana ya zana hutengeneza kalibu, dai na vishikio ambavyo mashine hizo haziwezi kufanya kazi bila ya kuwa navyo. Miaka hiyo fedha za kigeni zilikuwa haba. Gurudumu la meno lilipovunjika, kuagiza jingine ng'ambo kulichukua miezi mingi. Ama lichongwe pale pale karakanani, ama mamia ya wafanyakazi wakae bure.

Fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, hakutuacha tuguse mashine ya kukereza kwa miezi sita ya mwanzo. Alitupa jiliwa, tupa na bonge la chuma, akasema, "Vijana, nileteeni mchemraba." Kila jioni aliweka gonia juu ya kazi zetu, akaziinua kuelekea dirishani. Mwanga ulipopenya chini ya gonia, tulirudi kwenye tupa. Hakugomba wala hakusifu. Kwa njia hiyo mikono yetu ilijifunza kuona yale ambayo macho hayayaoni.

Kisha tukafundishwa kupima. Maikromita ni parafujo tu: katika ile tuliyoitumia, mzunguko mmoja wa pipa lake husogea nusu milimita, na duara lake limegawanywa sehemu 50; hivyo kila sehemu ni milimita 0.01, chini ya unene wa unywele. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba joto nalo ni adui wa kipimo. Vipimo vya viwandani duniani huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Dar es Salaam ikifika nyuzi 32, kipande cha chuma cha milimita 100 hurefuka kwa milimita 0.014 hivi. Kwa sababu hiyo Mzee alikataza kupima kitu kilichotoka kukerezwa. Kipande na kipimo vililazwa pamoja mpaka vikawa na joto moja.

Somo lililotustaajabisha zaidi lilikuwa la bamba sawa. Mtu atajuaje kwamba bamba limenyooka kabisa, ikiwa hana jingine lililonyooka la kulilinganisha nalo? Joseph Whitworth, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay mjini London, alieleza jibu lake mwaka 1840. Mabamba mawili yaweza kupatana yote yakiwa na kasoro, moja likibonyea na la pili likivimba. Lakini yakiwa matatu, yakasuguliwa na kukwaruzwa kwa zamu mpaka kila moja lipatane na kila jingine, hapana budi yote yawe sawa.

Katika kuupa chuma ugumu tuliwakuta tena wahunzi wa kale. Kipande kilipashwa moto kikawa chekundu, kikatoswa katika mafuta, kikawa kigumu lakini chenye kukatika kama kigae. Ndipo kiliposuguliwa king'are, kikapashwa tena polepole huku tukiitazama rangi: ya majani makavu karibu na nyuzi 230, kisha zambarau, kisha buluu karibu na nyuzi 300. Macho ya fundi ndiyo yaliyosema basi.

Baadaye sisi tuliitwa kwenye kazi ya kalamu serikalini, lakini mafunzo yale hayakutuacha. Shairi lililokosa mizani huitwa guni, na kipande kilichopungua kipimo ni guni la chuma.

Miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma vilibinafsishwa au kufungwa. Kile chetu kilifungwa, na mashine zake zikauzwa kwa uzito kama chuma chakavu. Mashine yaweza kununuliwa tena. Lakini mafundi walitawanyika, wengine wakafariki dunia pasipo mwanagenzi wa kuwarithi. Tangu sheria ya mwaka 1994 mamlaka ya ufundi stadi, VETA, imeanzishwa na vyuo vimejengwa. Hilo ni jema sana, ila chuo peke yake hakitoshi, kwa sababu mkono hufunzwa na mkono.

Basi, walimu, wapelekeni wanafunzi wenu kwa mafundi wazee waliobaki mitaani mwenu. Waulizeni majina ya zana zao, waulizeni walifundishwa na nani, na muyaandike majibu yao. Nanyi wanafunzi, mkipewa tupa kabla ya mashine, ishikeni kwa moyo.