Mpishi Asiyeonja

Katika jiko la pwani mpishi huonja. Hutia tone la mchuzi katika kiganja cha mkono, akalilamba, akafikiri kidogo, ndipo akajua kama chumvi imekolea au ukwaju umezidi. Ujuzi huu haumo vitabuni. Umo ulimini, na mwanafunzi huupokea kwa mama yake, au kwa bingwa wa mapishi ya harusi, pamoja na upawa. Kwa hiyo ni jambo la ajabu, nalo lastahili kutazamwa vizuri, ya kwamba katika Kiwengwa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja upande wa kaskazini, miaka 30 na zaidi iliyopita palizuka mpishi wa namna mpya: mpishi atakiwaye kupika chakula asichoweza kukionja. Chakula hicho ni nyama ya nguruwe. Pengine hutakiwa paja zima, liokwe polepole hata lilainike, kisha lipakwe shira ya asali au ya sukari mpaka ling'ae. Mgeni hula akasifu. Aliyepika ladha yake hajui. Amesaidiwa na macho, na pua, na ncha ya kisu tu.

Ili kuufahamu mkasa huu hapana budi kurudi nyuma, maana nguruwe hakuja Unguja pamoja na watalii. Jina lake lenyewe ni ushahidi. Wazulu humwita ingulube, Wanyarwanda ingurube. Neno ni moja, nalo ni la kale kuliko msikiti wowote wa pwani. Wazee wa lugha hii walimjua mnyama huyu, wakampa jina, tena hapana shaka walimwinda. Uislamu ulipokuja ulileta jina la pili, hanziri, na pamoja na jina hilo hukumu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Milladi. Basi kwa uchache ni miaka 900 na zaidi tangu hukumu hiyo kusomwa kisiwani. Imetajwa katika Kurani mahali panne: Sura ya Al-Baqara, Al-Maida, Al-An'am na An-Nahl.

Lakini aliyetazama kutoka nje aghalabu hudhani kwamba neno lenyewe ni kula tu. Sivyo. Wenyeji wengi wa Unguja ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu hayo nguruwe ni najisi nzito. Chombo kilichoguswa naye kwa unyevu hakitakasiki mpaka kioshwe mara 7, na moja katika hizo kwa udongo. Ukavu kwa ukavu haudhuru. Unyevu ndio wenye kuhamisha najisi. Tena Hadithi sahihi zakataza si kumla tu, bali hata kumwuza. Sasa jiko ni nini kama si mahali pa unyevu? Mna maji, mafuta, mvuke na vitambaa vya kufutia. Hivyo mpaka uliowekwa na sheria haupiti kwenye sahani peke yake. Wapita kwenye chungu, na kisu, na ubao wa kukatia, na mkono wa mpishi.

Kwa karne nyingi mpaka huo haukuwa mzito kuushika, kwa sababu nguruwe alibaki mwituni. Nguruwe wa msitu amekuwapo Unguja, naye ni adui wa mkulima: usiku mmoja aweza kufukua shamba la muhogo lililolimwa kwa miezi. Wakulima walimwinda kwa mbwa na mikuki ili kuokoa mazao, wala si kwa ajili ya nyama. Huko Pemba wako nguruwe wa asili nyingine, ndugu wa nguruwe wa Ulaya, na yasemwa kwamba waliletwa na Wareno wakaachwa wakazaana. Kama ni hivyo, basi ni kumbukumbu yenye uhai ya utawala uliokwisha zamani.

Habari ya Wareno yafaa isimamiwe kidogo, kwa kuwa ndani yake mna fundisho. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alifika Unguja na kuitoza kodi kwa nguvu, na Wareno hawakuvunjika katika pwani hii mpaka Ngome ya Mombasa ilipotwaliwa na Waomani mwaka 1698. Katika zama hizo merikebu zao zilieneza mimea ya Amerika: papai, nanasi, pilipili, mahindi, mkorosho. Wenyeji walivipokea vyote, hata leo mtoto wa Unguja hawezi kusadiki kwamba papai lilikuwa geni. Papai bichi likawa dawa ya nyama ngumu: husagwa likapakwa juu ya mishkaki, na utomvu wake huvunja nyuzi za nyama kabla haijaona moto. Nguruwe wa Mreno, aliyesafiri katika merikebu zile zile, hakupokewa. Hivyo watu wa visiwa hawakukataa kila cha mgeni, wala hawakukubali kila cha mgeni. Walichagua, na katika kuchagua hawakuongozwa na chuki ya mtu aliyeleta, bali na hukumu ya kitu chenyewe.

Katika karne ya 19 nyama hii ilipata makao ya kwanza ya kudumu katika mji. Baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, na biashara ya karafuu na pembe kupanuka, walikuja watu wa mataifa mengi. Mkataba wa biashara na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833. Wamisionari wa Kikatoliki walifika mwaka 1860. Na mwaka 1873, soko la watumwa lilipofungwa, Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao mahali pale pale. Lakini waliokaa na kuzaa na kuzika Mji Mkongwe miongoni mwa wala nguruwe walikuwa hasa Wagoa, Wakristo kutoka Goa ya Wareno katika Bara Hindi. Walikuwa makarani, mafundi cherehani, waoka mikate, wapiga picha na wapiga muziki.

Mapishi ya Wagoa yalikuwa na ufundi wake. Wareno walikuwa na desturi ya kulowesha nyama katika mvinyo na vitunguu thomu. Wagoa wakaweka siki ya tembo la mnazi mahali pa mvinyo, wakaongeza pilipili na bizari, na pengine sukari kidogo ya kutuliza ukali. Mchuzi wao uitwao sorpotel, wa nyama na maini yaliyokatwa vipande vidogo, huachwa ulale siku moja au mbili kabla ya kuliwa, ili siki ipenye. Humo mna siri ya kila nyama laini: uchungu wa siki, utamu wa sukari, moto mdogo, na subira. Mswahili aliyelowesha mbuzi katika ndimu na papai alikuwa akitenda jambo lile lile kwa njia ya pili. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Tena Wagoa walikuwa na desturi ya kugawa sinia la vitamu kwa majirani wakati wa Noeli. Vitamu ndivyo vilivyofaa kuvuka kizingiti. Nyama ilibaki ndani, katika vyungu vya wenyewe. Mgoa hakulazimishwa kuiacha, wala jirani hakulazimishwa kuinusa. Kila mmoja alijua chungu cha mwenzake na hakukigusa. Desturi hii haikuandikwa katika sheria ya Serikali yoyote. Ilikuwa adabu ya mji. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa Wagoa walihama, na majiko yao yakazimika.

Kwamba adabu hiyo si kitu cha kudharauliwa, yaliyotokea Bara yanaonyesha. Dar es Salaam nyama ya nguruwe, ambayo watu wa mjini huiita kitimoto, iliuzwa katika mitaa inayokaliwa na Waislamu wengi, na mwezi wa Aprili 1993 maduka kadhaa ya nyama hiyo yalivunjwa. Watu walikamatwa, na nchi ikaingia hofu. Ugomvi ule haukuwa wa nyama tu, maana mambo mengi ya siasa na dini yalikuwa yamerundikana. Walakini nyama ndiyo iliyokuwa kiberiti.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo nguruwe alipofika Kiwengwa. Mwaka 1986 Serikali ya Zanzibar ilitunga sheria ya kulinda vitega uchumi, na katika miaka ya 1990 hoteli kubwa zikasimama ufuoni, nyingi zikiwa za makampuni ya Italia. Kabla ya hapo Kiwengwa kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima wa maweni. Wanaume walitoka na ngalawa; wanawake walikwenda pwani maji yakitoka, wakachokoa pweza, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kilienea katika pwani hiyo ya mashariki. Ghafula ikawako kazi ya mshahara hatua chache kutoka mlangoni, na watoto wa ufuoni wakajua kuamkia kwa Kitaliano.

Lakini jiko la Mwitaliano lina paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mafuta yake yamo hata katika michuzi isiyoonekana kuwa na nyama. Kijana wa Kiwengwa aliyeomba kazi ya upishi alikuta mbele yake swali ambalo baba yake mvuvi hakuulizwa kamwe. Wako waliochagua upande wa samaki, au wa mikate. Wako waliokubali kuigusa nyama kwa glavu na kwa kisu kilichotengwa. Wako walioona kwamba mshahara uliopita katika chungu hicho hauna baraka, wakarudi baharini. Hata katika elimu ya dini jambo hili lina pande zake: ni kitu kimoja kula, na kingine kuuza, na kingine kumpikia asiyekatazwa, na mwenye dhiki ana hukumu yake. Si kila aulizwaye hujibu sawa.

Humo limetoka na neno lenye uchungu. Mwenye hoteli husema kwamba mtu wa kijiji haigusi nyama ile wala mvinyo, kwa hiyo humwajiri mtu wa Bara au wa Kenya. Mtu wa kijiji husema kwamba ardhi na ufuo ni wa wazee wake, na kwamba dini yake imefanywa kisingizio cha kumnyima kazi. Kila mmoja ana sehemu ya kweli. Wakati Wagoa walipokuwa Mji Mkongwe, chungu cha mgeni kilikuwa nyumbani kwa mgeni, nacho kilipikwa na mgeni mwenyewe. Kiwengwa chungu ni cha mgeni, lakini mwiko umetiwa mkononi mwa mwenyeji. Hilo ndilo jipya, na adabu ya zamani haikulitengenezea jibu.

Hata hivyo yafaa kutazama ufundi wenyewe, maana huenda jibu lina mizizi humo. Miongoni mwa mapishi ya utamu yaliyoenea duniani ni yale ya kusini ya Marekani, ambako paja la nguruwe huokwa katika Coca-Cola, kinywaji kilichotungwa Atlanta mwaka 1886. Chupa ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, pamoja na asidi kidogo. Nyama hutiwa katika chombo chenye kifuniko, soda ikamiminwa, na moto ukawekwa mdogo kwa saa nyingi. Kinachoilainisha hasa ni muda na joto la pole, ambavyo huyeyusha mishipa na ngozi ngumu ikawa kama ute. Soda inapokauka sukari yake huwa shira nyeusi inayonata, na hapo huhitaji jicho, kwa kuwa dakika chache za kusahau huifanya chungu.

Sasa katika haya yote hapana hata hatua moja inayomhitaji nguruwe. Soda imekwisha pokewa Unguja, hunywewa harusini na Sikukuu ya Idi, kama papai lilivyopokewa. Paja la mbuzi au ubavu wa ng'ombe hukubali moto ule ule na shira ile ile. Na mwana wa Kiwengwa ana elimu ya ziada: amekulia karibu na pweza, ambaye hupigwa mawe kwanza ili alainike, kisha hupikwa kwa subira, na ulaini wake hujulikana kwa kuchoma uti wa mti au ncha ya kisu. Mpishi kama huyo aweza kujifunza mizani ya shira nyumbani, kwa nyama ya halali, akaionja mpaka ulimi utosheke. Kisha akaenda hotelini na kuitengeneza kwa macho.

Huo si ufumbuzi wa ugomvi wa kazi. Kwa huo yatakiwa mwenye hoteli atenge meko, visu na mbao kwa kweli, si kwa maneno. Yatakiwa ampe mwenyeji nafasi ya kupanda daraja katika samaki, na wali, na mikate, bila kumdai kuigusa najisi kama sharti la kazi. Na yatakiwa mwenyeji naye asimtukane mwenzake aliyekubali kuipika ili awalishe wanawe. Hayo yote ni adabu ile ile ya Mji Mkongwe, iliyohamishwa kutoka nyumba mbili zilizopakana na kuletwa chini ya paa moja.

Jioni, kazi ikiisha, mpishi wa Kiwengwa huvua nguo za jikoni, akanawa mikono mpaka kwenye vifundo, na anayetaka huongeza udongo. Nyumbani humngoja mchuzi wa pweza wa nazi. Hapo hutia tone katika kiganja, akaonja.